Mbona hita inachemsha maji lakini soketi ndiyo inayoungua?

Julai Dodoma ni mwezi wa upepo. Toka nje saa kumi na mbili asubuhi pale Nkuhungu utakuta watu wamejifunika vitenge na makoti, na karibu kila ndoo ya kuogea ina hita ndani yake. Nyumba ninayopanga ina wapangaji watano na mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo kwetu Julai ni mwezi wa upepo na ugomvi. Uniti zilizozoea kwenda wiki mbili zinaisha ndani ya siku tano, na mtuhumiwa ni yuleyule siku zote: kijana wa chumba cha pili mwenye sabufa.

Safari hii ugomvi ulikatizwa na harufu. Plastiki inaungua, na haijulikani wapi. Tukaja kuipata kwa mama wa chumba cha kona: soketi ya ukutani imegeuka rangi ya kahawia, plagi imeng'ang'ania humo haitoki, na ukutani pana doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Ajabu ni kwamba hita yenyewe ilikuwa nzima, maji yamechemka vizuri, na breka haikukata.

Basi uani kikafanyika kikao cha wataalamu. Mmoja akasema umeme wa alfajiri ni mkali kwa kuwa watu wengi wamelala. Mwingine akasema ni baridi, baridi "inavuta" umeme. Baba mwenye nyumba alipopigiwa simu aliuliza kwanza kama sabufa ilikuwa inapiga.

Nimeamua kuandika kwa sababu maswali yale nayasikia kila mahali, na kila duka au nyumba inapoungua tunasomewa sentensi ileile, kwamba chanzo ni "hitilafu ya umeme". Maneno hayo matatu yamebeba mambo tofauti kabisa, na kila moja lina dawa yake.

Tuanzie chini. Umeme kwenye waya ni chembe ndogo mno, elektroni, zinazosukumwa zipite katikati ya atomi za shaba. Wingi wa zinazopita kwa sekunde ndio mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Nguvu ya kuzisukuma, mafundi wa njia kubwa huiita msongo. Hupimwa kwa volti, na majumbani kwetu ni 230. Ugumu wa njia ni ukinzani, ambao hupimwa kwa ohmu. Elektroni zikipita hugongana na atomi, atomi zinatikisika, na kutikisika huko kwa atomi ndiko tunakokuita joto. Hakuna kingine kilichofichika. (Umeme wa nyumbani huzisukuma elektroni mbele na kuzirudisha mara 50 kwa sekunde, lakini kwa habari ya joto hilo halibadili kitu. Viganja ukivisugua mbele na nyuma navyo vinapata moto.)

Aliyekulia vijiji vya Ugogoni ameona ng'ombe wakirudi jioni. Mbugani wanatembea wametawanyika na vumbi ni kidogo. Wakifika mlango wa zizi wanabanana, pembe zinagongana, miti ya mlango inasuguliwa, vumbi linatimka. Ng'ombe ni walewale na idadi ni ileile. Purukushani iko mlangoni. Shikilia picha hiyo, tutarudi kwake.

Aliyeipa habari hii hesabu yake ni Mwingereza, James Prescott Joule, kijana wa familia ya wapika bia wa Salford karibu na Manchester. Mwaka 1840, akiwa na miaka kama 21, alichukua waya uliosokotwa, akauzamisha ndani ya maji, akapitisha mkondo, akaangalia kipimajoto. Ukiutazama kwa jicho la Dodoma, ule ulikuwa hita ndani ya ndoo. Alichokikuta ni kwamba joto linalozalishwa kila sekunde, ambalo leo hupimwa kwa wati, ni ukinzani wa waya zidisha mkondo, kisha zidisha mkondo tena. Mara mbili. Hapo kwenye "tena" ndipo watu wengi wanapoachwa nyuma.

Maana yake ni hii: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Ukiwa mara tatu, joto ni mara tisa. Kwa nini? Rudi zizini. Ng'ombe wakiwa mara mbili, na unataka wote wapite mlango uleule kwa muda uleule, itabidi pia wasukumwe kwa nguvu mara mbili. Wamezidi na wanasukumwa zaidi. Mbili mara mbili, nne.

Sasa swali ambalo mama wa kona aliliuliza, na nadhani ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa asubuhi ile: "Kaka, kama umeme unaounguza ni huohuo, mbona waya wa hita haupati moto na hita yenyewe inachemsha ndoo?"

Ni kweli mkondo ni mmoja. Hita ya wati 2000 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 9, na ampea hizo ndizo zinazopita kwenye plagi, kwenye waya, kwenye koili, na kurudi. Hazipungui njiani. Kinachotofautiana ni ukinzani. Koili ya hita imetengenezwa makusudi kwa madini yanayoubana mkondo, aghalabu mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, na ukinzani wake ni ohmu 26 hivi. Waya wake, ukiwa wa shaba nzuri ya milimita za mraba 1.5 na urefu wa mita moja na nusu, kwenda na kurudi hauna hata sehemu moja ya ishirini ya ohmu. Piga hesabu ya Joule: koili inatoa wati 2000, waya wote unatoa chini ya wati 3. Koili ndiyo mlango wa zizi. Waya ni mbuga.

Fundi mzuri kazi yake, ukiitazama hivi, ni kuhakikisha nyumba nzima ina mlango mmoja tu wa zizi, nao uwe ndani ya ndoo.

Kwa mama wa kona palikuwa na mlango wa pili. Fundi alipoifungua soketi tulikuta bati la ndani linaloshika meno ya plagi limelegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa miaka mingi, na skrubu ya waya mmoja inazunguka kwa kidole. Meno ya plagi yalikuwa yanagusa bati kwa ncha tu. Pale pa kugusana ndipo palipokuwa pembamba. Tuseme pana nusu ohmu, ambayo kwa namba ni ndogo sana. Ampea 9 zikipita hapo zinatoa kama wati 38. Pasi ya kulehemu ya fundi redio, ile inayoyeyusha risasi mbele ya macho yako, nyingi zina wati 30 au 40. Kwa hiyo mama alikuwa amechomeka pasi ya kulehemu ndani ya plastiki, kila asubuhi, robo saa kwa kila ndoo, na ndoo zake ni nne.

Ubaya wa kiungo kilicholegea ni kwamba kinajilisha chenyewe. Joto linaotesha kutu ya shaba, na kutu hiyo haipitishi umeme vizuri. Joto linalainisha bati, bati linalegea zaidi. Ukinzani unapanda, joto linapanda, na hivyo unazidi kupanda. Kesho ni mbaya kuliko leo, na hakuna dalili ila harufu, rangi ya kahawia, na plagi kuwa ya moto ukiigusa.

Lakini breka ilikuwa wapi? Hapa ndipo ninapowaomba watu wasome polepole, maana ndipo panapoaminiwa uongo unaounguza nyumba. Breka haijui joto la soketi yako. Inaangalia mkondo unaopita ndani yake yenyewe, basi. Kiungo kilicholegea hakiongezi mkondo. Kimeongeza nusu ohmu juu ya ohmu 26, kwa hiyo mkondo umepungua kidogo. Breka inaona mambo ni shwari, tena shwari kuliko jana, wakati plastiki inayeyuka hatua tatu kutoka kitandani.

Shoti ni kinyume chake kabisa. Nyaya mbili zikigusana kabla umeme haujafika kwenye chombo, ukinzani unakaribia kuisha, mkondo unaruka hadi mamia ya ampea, breka inakata kwa mlio. Shoti inatisha kwa cheche, lakini ina mlinzi. Kiungo kilicholegea kinanyamaza, na mlinzi wake ni fundi mwenye bisibisi. Ya tatu ni mzigo kuzidi uwezo: mkondo mkubwa kuliko waya ulivyoandaliwa, usiofikia fujo ya shoti. Zote tatu magazetini ni "hitilafu ya umeme".

Ya tatu inatuleta kwenye ekstensheni. Kuna imani kwamba ekstensheni yenye matundu sita inabeba vitu sita. Matundu ni hesabu ya plagi, hayahusiani na ampea. Chomeka chaja sita za simu, hakuna neno. Chomeka hita na birika la umeme pamoja, tayari ni kama ampea 17 kwenye plagi yenye fyuzi ya 13, na fyuzi haikatiki papo hapo mkondo ukizidi kidogo. Inaweza kuvumilia kwa muda mrefu huku waya ukipikika. Kumbuka pia ile "tena" ya Joule: kama kiungo chako kina nusu ohmu, zile wati 38 zimekuwa karibu 150.

Halafu kuna suala la joto kwenda wapi. Ekstensheni nyembamba ya mita kumi, ya milimita za mraba 0.75, kwenda na kurudi ina nusu ohmu hivi. Nusu ohmu ileile ya soketi ya mama! Hita moja ikipita humo waya unatoa wati 38 zilezile. Ukiunyoosha sakafuni, joto limegawanyika mita kumi nzima na hewa inalichukua. Utasikia vuguvugu tu. Ukiuacha umeviringishwa kama kamba ya punda, au ukiupitisha chini ya zulia, joto halina pa kutokea. Ganda la plastiki la nyaya zetu za kawaida limekusudiwa lisizidi nyuzi 70. Hivyo wati 38 ni salama mahali fulani na moto mahali pengine. Joto ni kiasi, na nyuzi joto ni matokeo ya kiasi hicho kukusanyika au kusambaa. Kijiko cha chai na debe la maji vinaweza kuwa na nyuzi sawa, lakini huwezi kuoga kwa kijiko.

Na hili lina upande wake wa Dodoma. Nyaya nyingi za nyumba zetu zinapita darini, chini ya bati. Oktoba na Novemba saa nane mchana huko juu joto linapita la nje kwa mbali. Waya uliopimiwa uwezo wake kwenye hewa ya nyuzi 30 hauna uwezo huohuo hewa ikiwa nyuzi 50. Majedwali ya mafundi yanaupunguza hadi kama asilimia 70. Ampea 20 zinakuwa 14. Kwa hiyo aliyesema hali ya hewa inahusika hakukosea sana, ila alichagua msimu usio wake. Baridi ya Julai haivuti umeme. Inatufanya sisi tuchomeke hita, na maji yanaanza yakiwa baridi zaidi.

Na "umeme wa alfajiri ni mkali"? Msongo unaweza kupanda kidogo watu wakiwa hawatumii, na koili ikipata volti zaidi itatoa joto zaidi. Lakini msongo peke yake hautoi joto kwenye waya, mkondo ndio unaotoa. Ndiyo sababu minara mikubwa inayotoka Iringa kuja Dodoma na kuendelea Singida hadi Shinyanga ilijengwa kwa msongo wa kilovolti 400. Kubeba nguvu ileile kwa msongo mara kumi kunahitaji mkondo wa sehemu ya kumi, na joto linalopotea njiani linashuka hadi sehemu ya mia. Volti nyingi zimewekwa ili waya usipashe moto pori. Ukisafiri mchana wa jua kali angalia nyaya hizo zilivyolegea kati ya mnara na mnara: jua na mkondo vinazipasha, zinarefuka, zinashuka. Zimeachiwa nafasi hiyo makusudi.

Kuna kinyume kimoja kinachowachanganya hata mafundi wa mtaani. Umeme mdogo hauwezi kuunguza kitu, wanasema. Kwa hita na pasi ni kweli, zinapoa tu. Kwa friji mambo ni mengine. Mota ya friji inapozunguka, kuzunguka kwenyewe ndiko kunakouzuia mkondo usijae. Umeme ukiwa mdogo kiasi cha mota kushindwa kuanza, inakwama ikivuma, kizuizi hicho hakipo, mkondo unajaa kwenye koili na joto linapanda. Ukisikia friji inavuma bila kuanza, izime.

Na je, joto nalo linaugeuzia umeme kibao? Linafanya hivyo. Shaba ikipanda nyuzi moja, ukinzani wake unaongezeka kwa kama asilimia 0.4, kwa sababu atomi zinazotikisika ni vikwazo zaidi. Balbu zile za zamani za uzi zilikuwa zinakufa pale unapowasha: uzi ukiwa baridi ukinzani wake hauzidi sehemu ya kumi ya ule wa moto, hivyo mkondo wa kwanza unakuja kwa kishindo. Wenye sola wanapaswa kujua jamaa wa jambo hili. Nimesikia mara nyingi kwamba Dodoma sola inachaji sana kwa kuwa kuna joto. Inachaji kwa kuwa kuna mwanga. Joto linaipunguzia paneli nguvu, kama asilimia 0.3 hadi 0.4 kwa kila nyuzi juu ya 25, kwa hiyo paneli iliyofika nyuzi 60 juu ya bati imepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Iinue kidogo upepo upite chini.

Turudi kwenye LUKU, maana kikao hakikuvunjika mpaka lipatikane jawabu la uniti. Nilichukua kalamu. Lita 20 za maji, kutoka nyuzi 18 hadi 40 za kuoga, zinahitaji nusu uniti na kidogo (uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja). Hakuna hita ya koili ya bei yoyote inayoweza kufanya hivyo kwa pungufu. Anayekuuzia hita "inayochemsha haraka na kutumia umeme kidogo" anakuuzia nusu ya ukweli. Ya haraka ina wati nyingi kwa muda mfupi, ya polepole ina wati chache kwa muda mrefu, na mita inahesabu kitu kilekile: wati zidisha saa. Jiko la presha la umeme linaokoa kwa njia nyingine. Limefungwa, joto halitoki, na kwenye mwinuko wetu wa mita 1,100 na ushee, ambapo maji ya sufuria ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, presha inapandisha nyuzi hizo na makande yanaiva upesi.

Ndoo nne za mama wa kona kwa hiyo ni uniti mbili kwa asubuhi moja. Sabufa ya wati 40 ikipiga saa tano mfululizo ni uniti 0.2. Kijana angepiga muziki siku kumi kabla hajazifikia ndoo za asubuhi moja. Kelele ndiyo iliyomponza, kwa sababu hita haina sauti.

Fundi alibadilisha soketi na plagi, akakaza skrubu, akanionyesha waya wa darini ulikuwa wa milimita za mraba 2.5, hauna shida. Kwenye plagi ya zamani alitoa fyuzi akacheka: ilikuwa imeviringishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ni mlango mwembamba uliowekwa makusudi ili uungue wenyewe kabla ya kitu kingine, kwa kanuni ileile ya Joule. Ukiuziba kwa karatasi umempa likizo mlinzi. Nani aliiweka, hakuna aliyekiri.

Siku ya pili mama alipomaliza ndoo ya kwanza alizima swichi, akachomoa, akagusa meno ya plagi kwa kidole. Baridi. Kikao cha uani kimekubaliana mwenye hita aongeze hela ya LUKU miezi ya upepo, na kijana wa chumba cha pili ameombwa radhi rasmi. Sauti hajapunguza.